Jalada Lenye Uso wa Yaya Wilondja

Alhamisi, 9 Oktoba 2014. Nyamitanga, Mbarara

Umeme umekatika tena. Kompyuta zote za darasa letu la usanifu kimya, na sisi tumekaa kama kuku walionyeshewa. Zamu yangu ilikuwa imekaribia. Basi tena.

Mwalimu Tumwine hakuturuhusu kwenda. Alitoa jarida la filamu la Kampala, kuukuu, limekunjika pembe, akalibandika ubaoni. Kazi: tuchambue jalada lake. Jicho linaanzia wapi? Linakwenda wapi halafu? Nani amelipeleka huko? Kisha kila mtu atengeneze jalada lake mwenyewe la jarida la filamu, alichapishe, alilete Alhamisi ijayo. Atakayeshindwa haendelei na muhula wa pili.

Mimi nimelelewa katika kanisa linalosema sinema ni dhambi. Leo nimetazama sinema ubaoni asubuhi nzima na nimefurahi. Mungu anisamehe. Asiponisamehe, nimefurahi hata hivyo.

Ninakaa benchi moja na Akello. Mke wa askari, anaishi ndani ya kambi ya jeshi hapa Mbarara, na Kiswahili chake ni cha jeshi kabisa. Aliangalia yule mwanamke wa kwenye jalada akauliza, "Huyu iko naogopa nani?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema hilo ndilo swali la kwanza la uchambuzi.

Ijumaa, 10 Oktoba 2014

Nimeandika uchambuzi. Hapa naweka niliyoyaona kwa macho yangu, siyo ya kumpendeza mwalimu.

Jicho linaanzia kwenye macho yake. Siyo kwenye gauni, ingawa gauni ni la njano na linapiga kelele. Amegeuza bega, anakutazama wewe uliyeshika jarida. Huwezi kumkwepa. Nilisogea mpaka dirishani na bado alikuwa ananitazama.

Nyuma yake kuna mwanamume, mdogo, amefifia. Hata hujiulizi ni nani. Ukubwa ndio unaosema nani ana maana.

Kichwa cha mwanamke kimefunika jina la jarida. Herufi mbili zinaonekana upande huu, moja upande ule, za katikati zimemezwa. Niliuliza kama huo si uharibifu. Mwalimu akasema jarida linalojulikana halihitaji kusomwa jina. Watu hulitambua kwa sura tu. Nimelipenda sana hilo.

Rangi ni tatu, basi. Maneno madogo yamepangwa kushoto kama watu kwenye foleni ya mgao. Chini kabisa, jina la mwigizaji kwa herufi nene, na mwezi na mwaka.

Sikujua kwamba karatasi moja inaweza kukushika shingo hivi na kukuambia tazama hapa, sasa pale.

Jumanne, 14 Oktoba 2014

Nimweke nani kwenye jalada langu? Wenzangu wanachukua nyota wa Kampala. Mimi ninaye wangu.

Yaya Wilondja, kaka yangu mkubwa. Pale nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye kibanda cha video cha mtaa wa Besikampu, ndiye aliyekuwa anashika maikrofoni na kutafsiri filamu. Mtu akipigwa teke Hong Kong, yaya alimliza kwa Kibembe chetu. Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Mama hakutaka hata kupita karibu na kibanda kile. Alimwombea kila asubuhi.

Baada ya Pasaka akaenda Kampala. Alisema sauti imetosha, sasa anataka uso wake uonekane. Kabla ya kuondoka alipiga picha moja studio, na shati jeupe na tai nyeusi ya kuazima, akaniachia. Tangu Agosti simu yake haipatikani. Ninapiga kila siku. Yule mwanamke wa kwenye simu nimemchukia.

Basi nimemweka. Nitampa jalada alilolitaka. Akinipigia nitamwambia, tazama, mdogo wako amekutangulia.

Mwalimu alipita nyuma yangu. "Wewe, toa hii alama kwa uso. Star iko safi." Alikuwa anasema lile kovu la nyusi ya kushoto, jembe lilipomkata akiwa mtoto. Kwenye kompyuta nilichukua ngozi ya shavu nikalifunika kovu, kidogo kidogo, mpaka likaisha. Uso ukawa laini kama sahani. Nilisita kidogo, nikauacha.

Alhamisi, 16 Oktoba 2014

Nimekabidhi. Siyo kama nilivyoliota.

Nilitaka njano. Wino wa rangi umeisha kwenye printa ya shule, kila kitu kimetoka cheusi na cheupe. Pembeni printa iliacha kingo zilizopinda, mwalimu akasema zungushia fremu nene nyeusi zisionekane. Maneno madogo ya kushoto akayafuta yote. "Acha nafasi ipumue." Jina la jarida nililiweka juu kwa herufi kubwa, na kichwa cha yaya nikakiweka juu yake kama wale wa Kampala. Kimelifunika hasa. Haisomeki hata herufi moja kamili. Chini: WILONDJA. Chini yake: Oktoba 2014.

Mwalimu amelisifu mbele ya wote. Ametuchapishia nakala mbili mbili, moja ya kwetu wenyewe. Akello alilishika mbali akasema, "Huyu iko muzuri, kama mhubiri." Nilicheka.

Jumamosi nakwenda nyumbani nayo. Mama atakasirikia sinema, halafu ataona uso wa mtoto wake na atanyamaza. Ninamjua.

Jumamosi, 18 Oktoba 2014. Nakivale

Sijui nianzie wapi.

Nilifika mama akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikasema nitamshangaza. Nikachovya kidole kwenye uji, nikalibandika jalada ukutani, fasi ya kuonekana, mkabala na mlango. Nikachukua dumu nikaenda bombani.

Nikiwa bombani nilisikia mayowe. Nikamwonea huruma aliyefiwa, nani tena huyo? Nikaendelea kukinga maji. Kisha nikaitambua sauti. Ilikuwa ya mama.

Nilikimbia. Dumu liko bado kule.

Alikuwa chini kwenye kizingiti, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Wanawake wa kwaya wamemzunguka. Mama Esteri, shemasi wetu, amesimama mbele ya ukuta anasoma kwa sauti: Wilondja. Oktoba elfu mbili na kumi na nne. Na wote wakaitika kwa kilio.

Ndipo nikaona nilichokitengeneza. Mungu wangu. Kwetu picha kubwa ya mtu mmoja, anakutazama, na tai, na fremu nyeusi, na jina, na mwezi na mwaka, imebandikwa mkabala na mlango, ni kitu kimoja tu. Ni picha ya matanga. Hata mtoto wa Besikampu analijua hilo. Mimi peke yangu sikuliona, kwa sababu wiki nzima nilikuwa natazama kwa jicho la Mwalimu Tumwine.

Nilipiga kelele: hajafa! Ni kazi ya shule! Ni jalada la jarida!

Mama Esteri alinishika mabega, polepole, kwa upendo. "Mauwa, mutoto wangu. Tunajua. Njo vile banafanyaka." Ndivyo wanavyofanya, eti.

Jumapili, 19 Oktoba 2014

Hawaniamini. Kadiri ninavyokana ndivyo wanavyoamini.

Kwetu habari ya msiba haisemwi moja kwa moja. Mjumbe anafika, anasema fulani ni mgonjwa kidogo. Anakana. Anaulizwa tena, anakana tena, mpaka wenyewe waelewe na kuanza kulia. Huo ndio utu. Anayesema wazi ni mtu asiye na malezi. Sasa mimi nimetoka mjini, nimebandika picha bila neno, nikatoka kwenda kuchota maji, nikarudi nikikana. Nimefanya kila kitu kama mjumbe mwenye malezi mazuri. Ningetaka kuwashawishi kwamba amekufa nisingefanya vizuri zaidi.

Mchungaji aliuliza swali moja tu. Simu yake inapatikana? Nikasema hapana. Akafumba macho.

Turubai limefungwa mbele ya nyumba. Mabenchi ya kanisa yameletwa. Moto wa matanga umewashwa. Watu wa Fizi, tuliokimbia nao, wote wako hapa, na unga wao, na maharage yao. Wanalia kweli. Wanamlilia mtu aliye hai!

Nimelibandua jalada. Mama Esteri amelirudisha.

Jumatatu, 20 Oktoba 2014

Mama analala kwenye mkeka, chini, kama desturi. Hali chakula. Vidonge vya presha amevisukuma. Anasema, "Vya nini sasa?"

Nimempigia magoti. Nimemwambia neno kwa neno: mama, tazama, hapa juu ni jina la jarida, kichwa kimelifunika, Kampala wanafanya hivyo. Hii fremu ni kwa sababu ya printa. Weusi huu ni kwa sababu wino uliisha. Mwezi ni wa jarida, siyo wa kufa. Nilichambua vizuri kuliko nilivyomchambulia mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kovu yake?"

Nikasema nimelifuta.

"Weye? Hapana. Mungu njo alishaifuta. Kule hakuna kovu."

Nilitoka nje nikalia mimi pia. Wanawake wakanipisha nafasi kwenye benchi, wakasema, ndiyo, lia, usibane. Nilitaka kuwapiga.

Nimepiga simu tena. Haipatikani. Nimepiga tena. Haipatikani.

Jumatano, 22 Oktoba 2014

Asubuhi mama alisimama kwenda haja akaanguka. Tulimbeba mimi na jirani mpaka zahanati. Muuguzi alipima, akarudia kupima. Akaniita kando akasema presha hii inaua, asipomeza dawa na asipokula itampiga kiharusi. Nimwambie ameze. Nilicheka vibaya. Nimwambie! Kama ningekuwa mtu wa kuaminiwa tungefika hapa?

Amerudishwa kwenye mkeka. Midomo imekauka. Mama yangu atakufa kwa sababu ya karatasi niliyochora mimi. Naandika ili niisome nione kama ni kweli. Ni kweli.

Na kuna jambo baya zaidi. Tangu jana mimi pia sina hakika. Kwa nini simu imezimwa tangu Agosti? Mama Esteri aliniambia kwa upole, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wazee wetu wanasema mtu aliye hai akililiwa, kifo kinasikia jina lake na kumtafuta. Mimi nimesoma. Siamini hayo. Lakini wanawake wakianza kumlilia kwa jina naziba masikio.

Kesho narudi Mbarara. Ninachukua ile picha ya studio, ya kweli, yenye kovu. Nitamwonyesha kila mtu. Kampala ni kubwa, sijui hata ninaanzia mtaa gani. Mfa maji haachi kutapatapa.

Alhamisi, 23 Oktoba 2014. Mbarara

Kutwa nzima stendi ya mabasi. Nimewaonyesha makondakta wa Kampala, wauza maji, wauza kadi za simu. Hapana. Hapana. Mmoja akaniuliza kama ni mume wangu amenikimbia. Mwingine akatazama tai akasema pole kwa msiba. Hata picha yenyewe inamzika.

Nimepiga simu kwa jirani nyumbani. Mama amekunywa maji kijiko kimoja. Hataki kusema na mimi.

Nimechoka mpaka mifupa. Nina hasira na yaya kama yuko hai. Kama hayuko hai sijui nina nini.

Ijumaa, 24 Oktoba 2014

Nilikwenda shule kuomba ruhusa ya kwenda Kampala. Mwalimu Tumwine aliniambia nimepita, wa juu kabisa, jalada linatundikwa ofisini. Sikuhisi kitu. Nikasema asante, naomba lisitundikwe. Hakuelewa. Sikueleza.

Akello alinikuta kwenye ngazi. Aliona macho yangu yamevimba akakaa. Nikamweleza yote. Nikatoa picha ya studio nimwonyeshe tu, kama nilivyoonyesha nusu ya mji.

Akaisogeza karibu. Akaweka kidole kwenye nyusi.

"Huyu? Huyu iko wa maziwa!"

Nikasema wa maziwa gani.

"Analeta maziwa kwa kambi. Asubuhi, na gari ya Bwizibwera. Mimi nachukua kwake. Hii alama, watoto yangu naita yeye Afande Jembe."

Nikamwambia lakini nilikuonyesha jalada wiki iliyopita! Ulilishika mkononi!

"Ile yako haikuwa na hii," akasema. "Ile ilikuwa mutu ingine."

Alimwona jana. Jana! Amebeba debe begani. Nilimkumbatia Akello mpaka akalalamika.

Niliwapigia nyumbani papo hapo. Jirani alimpelekea mama habari, akarudi kwenye simu, sauti chini. Mama amesema, Mauwa anatufariji. Ana moyo muzuri.

Basi. Lazima wamwone kwa macho. Nikawauliza watu wa lango la kambi. Gari limeshaondoka, kesho haliji. Nakwenda Bwizibwera mwenyewe.

Jumamosi, 25 Oktoba 2014. Bwizibwera

Kituo cha maziwa kiko kando ya barabara ya Ibanda. Boda na baiskeli zimejaa, kila moja na madebe ubavuni. Mwenye kituo, mzee mmoja mwenye kofia pana, hakushangaa. "Wilo? Iko nyuma, naosha madebe."

Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, mikono imechubuka kwa sabuni. Amekonda. Kovu liko fasi yake. Aliponiona alitaka kukimbia. Naapa, aliangalia uzio kwanza.

Kampala ilimkataa. Kila kibanda kina mfasiri wake wa Kiganda, na Kiganda hakijui. Kwenye filamu walimtaka awe mkimbizi anayepita nyuma, mara moja, bila neno. Alilala sokoni. Simu iliibwa. Akaamua kurudi nyumbani, akafika Mbarara, miguu ikakataa. Aibu. Ameishi hapa tangu Agosti, mwendo wa nusu siku kutoka kwa mama yake, akiosha madebe ya watu.

Nikamwambia wanakulilia. Akacheka. Nikamwambia turubai, moto, mabenchi, Mama Esteri. Akaacha kucheka, akakaa juu ya debe.

"Banalia miye?"

Nikamweleza kuhusu mama na presha. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: nirudi na nini, mikono mitupu? Nitakuja Krismasi, nitakuwa nimepata kitu cha kumletea.

Nikampiga kofi. Mimi, yaya yangu! Sijawahi hata kumkatiza akisema. Mzee mwenye kofia aligeuka akajifanya anahesabu madebe. Nikasema, Krismasi utakuja kumzika, na mikono utaijaza udongo.

Akanawa mikono. Akaomba ruhusa. Akavaa shati.

Jumapili, 26 Oktoba 2014. Nakivale

Tulifika baada ya ibada. Watoto ndio walimwona kwanza. Wengine walikimbilia ziwani, wengine walimkimbilia yeye. Mama Esteri alikuwa anakoroga bugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, na jalada likamwangukia begani. Wazee walisimama. Mtu mmoja alianza wimbo, akauacha.

Yaya alipita katikati yao akitazama chini. Akapiga magoti kwenye mkeka.

Mama hakulia. Hakumtazama hata machoni. Alinyoosha mkono, ukatafuta uso, ukapanda shavuni, kidole kikafika kwenye nyusi ya kushoto. Kikatulia pale. Kikaenda, kikarudi.

"Iko," akasema.

Halafu akamuuliza, "Ulishakula?"

Alikula pamoja naye. Alimeza vidonge vyote vya siku kutoka mkononi mwake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, kwa furaha au kwa njaa, sijui. Nimeokoka. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumatatu, 27 Oktoba 2014

Watu walikuja asubuhi kuchukua mabenchi. Walikuwa wanataniana. Walimwita yaya Lazaro. Mchungaji alikuja na ndoo ya maji azime moto kwa maombi.

Mama alitoka ndani. Amesimama kwa miguu yake, kikwembe cheusi kiunoni bado. Akasema, "Muache moto. Bado."

Watu wakatazamana.

"Baba Wilondja hajaliliwa."

Lazima niandike hili vizuri. Baba Wilondja ni baba yetu. Tulipokimbia Fizi baba alirudi nyumbani kumbeba bibi. Alisema tutangulie. Nilikuwa na miaka sita. Hatukumwona tena, wala bibi. Waliotoka baada yetu walikuwa na la kusema, na mama hakuwaruhusu kulisema. Wajumbe walikuja wakakana, kama desturi, na mama akajifanya anaamini kukana kwao. Akiulizwa mume wake yuko wapi, anajibu yuko njiani. Amejibu hivyo miaka yote ninayoikumbuka. Kwenye matanga ya watu hakuwahi kulitaja jina lake.

Nilikasirika. Nilisimama mbele ya watu nikapaza sauti. Nikasema, mama, umeona Wilondja amerudi! Mlisema amekufa, na huyu hapa! Baba pia anaweza kurudi! Hujajifunza kitu?

Yaya alinivuta mkono. Nikamsukuma.

Mama alinijia mpaka karibu. Hakuwa na hasira.

"Vile nililia Wilondja," akasema, "nilipumua. Tangu Fizi sikukuwa napumua. Kulia hakuniui, Mauwa. Kungojea njo kunaniua."

Nikasema lakini hatuna hakika. Hatuna hata picha.

"Miye niko na hakika tangu ile siku," akasema mama. "Nilikuwa nabangojea nyinyi mukomae."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilidhani ni mama peke yake aliyekuwa anangoja. Kumbe kila nikienda mjini ninatazama nyuso za wanaume wenye umri wake. Stendi, sokoni, hata kwenye filamu za kibanda. Kila uso. Sikuwa nimejua kwamba ninafanya hivyo mpaka leo nilipoambiwa niache.

Mchungaji aliweka ndoo chini. Wale waliobeba mabenchi wakayarudisha.

Jumanne, 28 Oktoba 2014

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua.

Ukuta uko mtupu. Watu waliingia, wakatafuta picha, wakakaa bila picha. Mama ndiye aliyewaeleza. Alikuwa mfupi. Alikuwa na mwanya. Kwenye kwaya aliimba besi na alikuwa anachelewa kila mara. Alipenda ndagala, dagaa wa kwetu, za kukaanga, siyo za mchuzi. Alikuwa anamwita mama kwa jina lake la utotoni, ambalo sisi hatukulijua. Ametuambia. Sitaliandika hapa, ni lao.

Mama Esteri aliongoza nyimbo. Mimi niliimba. Sikuweza kulia mwanzo, halafu niliweza.

Yaya amepasua kuni tangu asubuhi. Anarudi Bwizibwera Alhamisi, ameshamwambia mama kazi yake ni ipi. Mama alisema maziwa ni kazi nzuri.

Baba amekufa leo, hapa Nakivale, fasi hakuwahi kufika.

Jioni mama amekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, ameomba chumvi. Amemeza dawa bila kuambiwa. Nilikaa naye mpaka akasinzia, kisha nikatoka kuosha sahani na wanawake wengine.